Mstari wa Katikati

Tone la damu halikuzidi punje ya mtama. Alilidondosha katikati ya slaidi, akaongeza tone la sodiamu metabaisalfaiti aliyoikoroga asubuhi ileile, akayavuruga kwa ncha ya kijiti mpaka yakawa kitu kimoja. Akachukua kioo chembamba cha kufunikia, akakisimamisha kwa ukingo wake, akakilaza taratibu ili hewa isinaswe chini. Mwisho akapaka mafuta ya mgando kwenye kingo zote nne, akazunguka mara ya pili kuziba palipobaki upenyo. Akatazama saa ya ukutani, akaandika muda daftarini, akageukia kazi nyingine.

"Sasa tunasubiri," alisema.

Ilikuwa Julai, na Julai ya Dodoma inajulikana: upepo unavuma tangu alfajiri, vumbi jekundu linapenya hata dirisha lililofungwa, watu wanakwenda kazini na makoti. Ndani ya maabara ile ndogo palikuwa na harufu ya spiriti na ukimya. Mama huyu ni mteknolojia wa maabara, amebakiza muda mfupi kustaafu. Nilimwomba niketi pembeni siku moja nimwangalie anavyofanya kazi, kwa sababu nina deni kwake. Miaka mitatu nyuma aliuliza swali moja kwenye korido, na mpwa wangu yuko hai kwa swali hilo. Nilitaka kuiona kazi iliyomfundisha kuuliza.

Baada ya dakika 20 aliniita kwenye hadubini. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za duara na zimebonyea katikati, kama maandazi yaliyokandamizwa kwa kidole gumba. Mwanzoni niliona nyingi za namna hiyo, nikadhani hakuna kitu. Nilipotulia niliona moja ikijivuta upande, ikatoa ncha, kisha ncha ya pili. Jirani yake ilikuwa na pembe nyingi kama kigae cha chupa. Pembeni kabisa ipo iliyokwisha kuwa mundu kamili: imepinda, ncha mbili kali, mgongo mwembamba. Yote hayo yalikuwa yakitokea mbele ya jicho langu, kimya, ndani ya tone lisilojaza ukucha.

Ile dawa hunyonya oksijeni yote iliyomo kwenye tone. Chembe zenye kasoro zikikosa oksijeni hujikunja. Ndiyo kazi ya mafuta kwenye kingo: hewa ikipenya, chembe hupata pumzi, zinarudi duara, na ugonjwa unajificha machoni pa mtu anayeutafuta. Kiswahili kimeupa ugonjwa huu jina zuri, selimundu, ingawa mitaani wengi tunasema sikoseli. Mkulima wa mpunga wa Bahi akichungulia kwenye hadubini ile hatahitaji maelezo, mundu anaujua.

Nilimuuliza kwa nini aikoroge dawa upya kila siku, ilhali chupa ya jana bado ina nusu. "Ikilala, inakufa," alijibu. "Dawa iliyolala haikamati kitu. Utaandika 'hana', na mtoto anao." Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajagusa damu ya mgonjwa yeyote, huanza na tone la mtu anayejulikana kuwa na selimundu na tone la mtu anayejulikana kuwa hana. Anawaita mashahidi. Shahidi wa kwanza asipojikunja, au wa pili akijikunja, kazi yote inasimama na dawa inamwagwa. Nimefanya kazi na watu wengi wanaojiita makini. Sijawahi kukutana na aliyejiwekea mashahidi wawili kila asubuhi kwa miaka yote ya utumishi wake.

Dada yangu anauza mahindi Kibaigwa. Mwanawe alianza kuugua akiwa na miezi minane. Vidole vya mikono na miguu vilivimba, akalia usiku kucha. Majirani wakasema ni baridi. Akapona, ikarudi. Macho yakaingia unjano. Kila homa ilitibiwa kama malaria, kila viganja vilipopauka ikaitwa kuishiwa damu, na usiku mmoja damu iliisha kweli. Akaongezewa damu katika kituo ambacho sikitaji jina, na ambacho kilimwokoa usiku ule. Wiki tatu baadaye hapohapo walimpima, na karatasi ikarudi na herufi mbili: AS. Maana yake mtoto ni mbebaji tu, amerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja, na mbebaji hana ugonjwa. Dada akamshukuru Mungu, akaendelea kutafuta ni nini basi kinachomla mwanawe.

Alipomleta Dodoma mjini, mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Daktari aliagiza kipimo cha malaria. Mama wa maabara akapaka damu kwenye slaidi, akaipaka rangi, akaanza kutafuta vijidudu. Hakuviona. Alichokiona ni chembe mbili tatu zilizopinda, bila dawa yoyote ya kuzinyima hewa. Kwa mtu mwingine hizo zingepita, hakuagizwa kuzitafuta. Yeye alisimama hapo. Damu ya mbebaji haijikunji yenyewe kwenye slaidi ya kawaida, na karatasi ya mtoto imeandikwa AS. Kimoja kati ya viwili kinasema uongo. Akatoka kwenye korido akiwa bado na glavu mkononi.

"Mama, huyu mtoto aliongezewa damu lini?"

Swali ndilo hilo. Herufi A kwenye ile karatasi haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya msamaria aliyechangia damu. Chembe nyekundu za mtu mzima wa afya huishi siku zipatazo 120, kwa hiyo wiki tatu baada ya kuongezewa damu, mpimaji alikuwa amepima watu wawili ndani ya chupa moja ya kifuniko cha zambarau. Aliyeandika AS hakukosea kusoma, alikosa kuuliza. Tukaambiwa tusubiri mpaka damu ya mgeni iishe mwilini, ndipo mtoto apimwe tena. Tulisubiri.

Kipimo cha pili ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kilichonifanya niandike. Kinaitwa elektroforesisi. Utepe mweupe mwembamba wa selulosi huloweshwa kwenye maji maalumu, kisha damu iliyopasuliwa chembe zake hupigwa mstari mmoja mfupi karibu na ukingo. Mkono hapa ndio kila kitu. Ukikandamiza, mstari unatapakaa, ukiogopa, unakatika. Nilimwona akigusa utepe kwa kifaa cha kupigia mistari kama mtu anayegusa paji la mtoto aliyelala. Halafu umeme unapitishwa. Himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, huanza kutembea kuelekea upande wa chanya, na kila aina hutembea kwa mwendo wake. Baada ya rangi nyekundu na kuoshwa, mistari inajitokeza: A imetangulia mbali, S imebaki nyuma.

Kwa nini S inachelewa? Mwaka 1949, huko California, Linus Pauling na wenzake waliona himoglobini ya selimundu inatembea tofauti kwenye umeme, wakatangaza kwamba huu ni ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonesha tofauti yenyewe iko wapi. Kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, kiungo cha sita kilichopaswa kuwa glutamati kimekuwa valini. Glutamati ina chaji hasi, valini haina. Kwa hiyo himoglobini S ina mvuto mdogo kuelekea chanya, inajikokota. Nyuma ya hayo yote kuna herufi moja ya vinasaba iliyobadilika kwenye jeni ya HBB, kromosomu ya 11: palipokuwa na A pameingia T. Herufi moja kati ya takribani bilioni tatu. Na mama yule anaiona kwa macho, akiwa na utepe, rangi na umeme.

Mpwa wangu alipopimwa mara ya pili, A haikuwepo kabisa. S ilikuwa nene. Na katikati, kati ya mahali S iliposimama na mahali A ingekuwa, palikuwa na mstari wa tatu, mwembamba, wa rangi ya waridi iliyofifia. Dada hakuuona. Mimi niliudhani ni doa. Mama akauonesha kwa ncha ya penseli, bila kuugusa.

"Huu ndio wa kuuangalia," alisema. "Huu ni F."

F ni himoglobini ya tumboni. Mtoto akiwa tumboni mwa mama hatumii himoglobini tunayotumia sisi. Anatumia hii, ambayo inashika oksijeni kwa nguvu zaidi ili aivute kutoka damu ya mama yake. Anapozaliwa, sehemu kubwa ya himoglobini yake bado ni F. Kisha mwili unabadili kiwanda. Polepole, ndani ya miezi ya kwanza, F inazimwa na ya kikubwa inawashwa, na kwa mtu mzima wa afya F hubaki chini ya asilimia 1 hivi. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa mzima na mama hana wasiwasi, hadi miezi ile ya vidole kuvimba. Mwaka 1948, daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliona damu ya vichanga wa namna hii inajikunja kidogo sana, akahisi kwamba himoglobini ya uchangani ndiyo inayowalinda. Alikuwa sahihi. F haikubali kujipanga na S kuunda zile nyuzi ngumu zinazoipinda chembe. Pakiwa na F ya kutosha ndani ya chembe, S inakosa wa kushikana naye.

Wapo watu wazima ambao F yao haikuzimika vizuri. Mashariki mwa Saudia wanajulikana wenye selimundu wanaoishi na maumivu machache, kwa sababu F yao imebaki juu. Hata hapa kwetu, ukipanga wagonjwa 100 wa umri mmoja, hutapata F zinazolingana: mmoja ana asilimia 2, mwingine 15. Ule mstari mwembamba, kwa hiyo, unatabiri. Wataalamu wanauita kiashiria. Mimi nauita mstari wa katikati. Lakini kiashiria kinafaa tu kama aliyekipima ni mwaminifu, na hapo ndipo kazi ya mama huyu inapokutana na habari za dunia nzima.

Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2004, Julie Makani na wenzake walianza kuandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia, mmoja mmoja, kliniki baada ya kliniki. Utafiti wao wa vifo, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusu wagonjwa 1,725 waliofuatiliwa hadi 2009. Kwenye karatasi ni namba. Fikirieni maana yake mezani: maelfu ya chupa za zambarau, kila moja na jina na tarehe ya mwisho ya kuongezewa damu, kila moja imepimwa na mtu aliyeanza asubuhi yake na mashahidi. Kwa kuwa F za wagonjwa hao zilipimwa kwa namna moja, swali jingine likawezekana: ni jeni gani zinazofanya huyu awe na 2 na yule 15?

Jibu la kwanza lilikuwa limeshaanza kuonekana London. Mwaka 2007 kundi la Swee Lay Thein lilitangaza kwamba tofauti za F kati ya watu zinahusiana na jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 2, BCL11A, ambayo jina lake linatokana na saratani za damu na hakuna aliyeitarajia hapo. Mwaka 2008 maabara ya Stuart Orkin, Boston, ikaonesha kazi yake. Nitaieleza kwa neno letu la zamani: ni nyapara. BCL11A hutengeneza protini inayosimama kwenye jeni za himoglobini ya tumboni na kuzifunga. Nyapara akiwa mkali, F inazimwa mapema na kabisa. Akiwa mlegevu, F inaendelea kuvuja.

Mwaka 2011 Makani na wenzake wa hapa na London walilinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza kwenye jarida la Blood, na nyapara huyo akaonekana akifanya kazi pande zote mbili. Mwaka 2014 mwanasayansi wa Kitanzania, Siana Nkya, akiwa mwandishi wa kwanza, alichapisha upekuzi wa jenomu nzima wa Watanzania zaidi ya 1,000 wenye selimundu, ukitafuta kila kona kinachotawala F. Nyapara alikuwepo tena. Nimezisoma kazi hizi kama msomaji wa kawaida, na kinachonigusa si ukubwa wa tarakimu za mwisho. Ni kwamba huwezi kuipata jeni kama vipimo vyako vimechafuka. Mtu anayetafuta siri ya F hana budi kumtambua mtoto ambaye F yake bado inashuka kwa umri, na aliyeongezewa damu ya mtu mwingine. Swali la korido, kwa maneno mengine. Aliwekewa damu lini? Lisipoulizwa mara elfu moja, jeni haionekani.

Jioni moja mama alinionesha njia ya kizamani ya kupima F, ambayo siku hizi anaitumia kuwafundisha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo tu, kwa kuwa mashine hufanya kazi hiyo kwa usahihi zaidi. Unaiwekea himoglobini magadi makali ya sodiamu. Himoglobini ya kikubwa haivumilii. Inaharibika na kuwa kahawia. F inavumilia. Lakini ni dakika mbili tu, si mbili na nusu. Ukichelewa, hata F inaanza kusalimu amri. Kwa hiyo alishika saa ya kusimamisha kwa mkono wa kushoto, kulia ameshika chupa ya kukatisha, macho kwenye mshale. Dakika mbili zilipotimia mkono ulishuka pamoja na mshale, sikuona nafasi kati yao. Alichuja. Kilichobaki juu ya karatasi ya kuchujia kilikuwa tope la kahawia, na kilichodondoka kwenye chupa kilikuwa maji mekundu hafifu, safi. "Hiyo ndiyo ya tumboni," alisema, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Wanafunzi wawili waliokuwepo walisogea bila kuambiwa.

Ukishamjua nyapara, wazo la kwanza linalomjia mtu ni kumwondoa. Hapo ndipo penye hatari. BCL11A haifanyi kazi kwenye damu nyekundu peke yake. Inahitajika kwenye ubongo unaokua na kwenye chembe za kinga. Watu wachache waliozaliwa na nakala moja tu nzima wana F ya juu, lakini wana ulemavu wa akili. Dawa inayomfuta nyapara kila mahali ingekuwa maafa. Shabaha ilipaswa kuwa ndogo kuliko jeni.

Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wataelewa haraka kuliko mimi. Nimemwona mzee akipogoa mzabibu. Hakati ovyo. Anahesabu macho kwenye tawi, anaacha machache, anakata juu ya jicho alilolichagua, kwa mshazari. Akikata chini mno amepoteza mavuno. Akiacha mengi mno mzabibu unazaa majani. Mti wenyewe haugusi. Mwaka 2013 Daniel Bauer na wenzake wa kundi la Orkin walipata jicho la namna hiyo ndani ya BCL11A: kipande cha vinasaba kinachomwamuru nyapara aamke kwenye chembe zinazoandaliwa kuwa nyekundu tu. Ukikikata hicho, nyapara wa damu nyekundu anadhoofika, wa ubongo anaendelea na kazi yake. Kwangu mimi huo ni ufundi wa kiwango cha juu kabisa, na nausifu bila kusita, ingawa umefanyika mbali na kwetu.

Umeshakuwa tiba. Novemba 2023 Uingereza, na Desemba mwaka huohuo Marekani, ziliidhinisha Casgevy, ambayo huchukua chembe mama za damu za mgonjwa mwenyewe, hukata kile kipande kwa CRISPR, mkasi wa vinasaba, na kumrudishia baada ya uloto wake wa zamani kusafishwa kwa dawa kali. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Sihitaji kuzidisha. Habari inayonipa matumaini zaidi ni ya mwaka 2024, pale watafiti wa kampuni ya dawa ya Novartis walipochapisha kampaundi ya kidonge, ambayo inaondoa protini nyingine inayoshiriki kuifunga F, na F ikapanda kwa wanyama wa majaribio. Kidonge kinaweza kupanda basi la Kibaigwa. Mashine za uloto haziwezi.

Hapa Dodoma ipo njia nyingine tayari. Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, ukitoka kwa ndugu aliyelingana. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu, na mpwa wangu ni mtoto wa kwanza na wa pekee mpaka sasa. Kwa hiyo yeye amewekwa kwenye haidroksiyurea, dawa iliyoanza kama ya saratani za damu, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuiamsha F. Utafiti wa REACH uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto zaidi ya 600, na kutangazwa Desemba 2018, ulionesha maumivu, malaria na vifo vikipungua. Lakini dawa hii haitolewi na kusahauliwa. Chembe nyeupe lazima zihesabiwe mara kwa mara, dozi ipande kidogokidogo, zikishuka isimame. Kila hatua ni chupa ya zambarau, na kila chupa ni mtu mezani.

Dodoma ina malaria haba kuliko ukanda wa Ziwa, na kwa kuwa jeni hii ilistawi pale malaria ilipotamba, kwa miaka mingi haikuwa jambo la kwanza kufikiriwa hapa. Lakini tangu Serikali ilipohamia, jiji limejaa watu wa Mara, Mwanza, Tanga na Pwani, na watoto wao. Mama anasema anaona utepe wenye S mara nyingi kuliko alipoanza kazi. Halalamiki. Anataka tu kila mtoto anayezaliwa apimwe kabla ya kuondoka wodini. Muhimbili walijaribu hivyo kati ya 2015 na 2016: katika vichanga 3,981, waliwapata 31 wenye ugonjwa, kabla ya kidole chochote kuvimba.

Siku ile ya Julai mpwa wangu naye alikuwepo. Ana miaka minne na nusu sasa, anajua kunyoosha mkono mwenyewe. "Shikamoo bibi," alimwambia. Mama akaitikia, akamtoa damu bila yeye kuacha kusimulia habari za mbuzi wa babu yake Mvumi. Mashine ilishatoa namba: F asilimia 19, ilikuwa 9 kabla ya dawa. Mama hakuridhika na namba peke yake. Alipiga mstari kwenye utepe, akapitisha umeme, akasubiri, akapaka rangi, akaosha, akaukausha.

Kisha alifungua daftari lake la zamani, lenye kurasa zilizovimba kwa tepe alizozibandika miaka yote, akatafuta ukurasa wa mtoto huyu. Akaweka utepe mpya chini ya wa zamani, S chini ya S. Alinyanyua daftari akalisogeza dirishani. Mstari wa katikati haukuwa tena waridi iliyofifia. Ulikuwa mwekundu, kingo zake zimesimama. Akachukua penseli, akaandika tarehe pembeni, akaweka alama ndogo kwenye F.

"Nani anafuata?" aliuliza mlangoni, akivua glavu ili avae nyingine.